Bunduki ya Guka na Bunduki ya Jirani

Kwa wiki tatu sasa kundi la ukoo kwenye WhatsApp limenifanya mimi ndiye mada. Binamu yangu mmoja aliandika kwa herufi kubwa kwamba nimeipa serikali urithi wa mzee, tena kwa simu, nikiwa nimelala kwenye kiyoyozi Texas.

Kiyoyozi ni kweli. Mengine si kweli, na kwa kuwa kule kundini hakuna anayesoma zaidi ya mstari wa pili, nimeona niandike hapa.

Baba yangu alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, yenye leseni, tangu enzi ambapo kahawa ya kwetu Mugutha, Kenya, ilikuwa na thamani ya kuibiwa. Siku hizi mibuni imeng'olewa, shamba limekatwa ploti, na ukisimama mlangoni kwetu unaona fleti zenye matangi meusi juu ya paa. Bunduki ilibaki. Katika utoto wangu wote niliisikia ikilia mara moja tu, siku mbwa mwenye kichaa alipoingia zizini.

Mzee alipofariki mwaka jana, kabla hata ya mazishi, nilimpigia ndugu yangu nikamwambia aichukue pamoja na leseni yake, aipeleke kituo cha polisi, na asitoke pale bila namba ya OB, daftari la matukio. Akafanya hivyo. Hilo ndilo kosa langu lote.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haina huruma na watoto wa marehemu. Bunduki ni mali na inaweza kuandikwa kwenye wosia kama ng'ombe. Leseni si mali. Ilitolewa kwa mtu mmoja baada ya kuchunguzwa yeye, tabia yake na sababu zake, na siku alipozikwa ilizikwa naye. Anayebaki na chuma kile kabatini hana tofauti na mtu aliyekiokota njiani. Mrithi akiitaka, aombe leseni kwa jina lake, achunguzwe yeye. Akikataliwa, iuzwe kwa mwenye ruhusa. Na hata kabla ya kufika huko kuna Sheria ya Urithi: barua ya chifu, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha miezi sita hivi kabla mahakama haijathibitisha nani anapata nini. Anayejigawia mali ya marehemu mapema anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Binamu yangu anajua haya yote. Aliyapitia kwa ajili ya ploti.

Mzee mwenyewe asingeshangaa. Desemba 2018, Fred Matiang'i alipokuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, raia wenye bunduki waliagizwa wakaguliwe upya ndani ya siku 90. Baba alivaa koti lake la kanisani akaenda kupigwa alama za vidole, katika umri ambao watu wengi hawataki hata kupanga foleni ya benki. Alirudi amefurahi, kana kwamba amepewa cheti cha ndoa upya.

Na kuna Mama. Alikuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari. Dedan Kimathi wa Mau Mau alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na shtaka lililomfikisha kwenye kitanzi lilikuwa la kukutwa na bastola na risasi. Kamiti si mbali na kwetu. Kwa Mama, kulala usiku mmoja na bunduki isiyo na mwenyewe ndani ya nyumba ni usiku mmoja wa ziada.

Sasa niwaambie kwa nini nina hasira kuliko kawaida.

Jirani yangu hapa nje ya Dallas ni mzee mwema. Hutukatia nyasi tukisafiri. Mwezi uliopita aliniita kwake, akafungua daftari, na kila ukurasa una bunduki na jina la mjukuu. Mjukuu wa California hataki yake, bunduki ndogo ambayo mzee mwenyewe alipewa na baba yake akiwa na miaka 10. Mzee ameamua aipate kijana wangu, ambaye ana miaka 12.

Nikauliza fomu ziko wapi. Akacheka hadi akakohoa.

Huku zawadi ya bunduki ya kawaida kati ya wakazi wawili wa Texas haipiti kwa polisi wala kwa muuzaji. Ukitaka kumpa ndugu wa jimbo jingine ukiwa hai, lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni. Ukifa ukamwachia kwa wosia, inavuka mpaka yenyewe. Yaani maiti ana uhuru kuliko mzima! Kwa bunduki za rashasha na vifaa vya kuzima mlio, hapo kuna sheria ya mwaka 1934 iliyoweka kodi ya dola 200, ambayo kwa vifaa vya kuzima mlio iliondolewa mwaka 2026, na daftari la serikali kuu. Lakini mrithi halali hatozwi hiyo kodi. Anajaza fomu, anatoa alama za vidole, anasubiri. Daftari la rashasha za raia lilifungwa tarehe 19 Mei 1986, kwa hiyo zilizoandikishwa kabla ya hapo ndizo zinazozunguka, na bei yake hupanda kama ploti za Ruiru. Jirani ana kifaa kimoja cha kuzima mlio. Karatasi zake ni nyingi kuliko za bunduki zake zote.

Je, mtoto? Sheria ya Texas inakataza kumpa bunduki aliye chini ya miaka 18, isipokuwa mzazi wake amekubali. Nilisoma kifungu hicho mara tatu. Kule Mugutha kati ya mjukuu na bunduki kuna chifu, polisi, mahakama na Gazeti Rasmi. Hapa nilikuwepo mimi, nimeshika sahani ya nyama choma ya mwenye bunduki.

Nikakataa. Najua naisifu mno foleni ya Kenya kwa sababu sikuipanga mimi. Lakini nikakataa.

Kijana hajaongea nami vizuri tangu siku hiyo. Hoja yake ni nzito. "Baba, mimi si ndiye Guka?" Ndiye: alipewa jina la mzee, babu yake. Shosho, mama yangu, humwita "mume wangu" kila Jumapili kwenye simu, na yeye huitikia. Basi kama yeye ni Guka, anasema, leseni ya Guka haikufa, na bunduki iliyoko kituoni ni yake, na hii ya jirani ni ya kujifunzia. Mke wangu alitoka chumbani ili asicheke mbele yake. Nilimweleza kuhusu Sura ya 114. Akauliza kama fomu ya kuomba iko mtandaoni.

Dada yake, mwenye miaka 7, hakuwa na swali. Shuleni kwao wanafanya mazoezi ya kujificha mtu mwenye bunduki akiingia, taa zimezimwa, kimya, chini ya madirisha. Mwaka huu tulimnunulia viatu vile vinavyowaka taa kisiginoni, ambavyo alikuwa amevililia miezi miwili. Alivivaa siku nne. Siku ya tano kulikuwa na zoezi, na mtoto mwenzake akamwambia vinaonekana gizani.

Hajavivaa tena. Viko chini ya kitanda chake, na vinawaka kila nikipitisha ufagio.