Ruzuku ya Serikali na Ujira Usiotulia
Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza ni nani mwenye haki ya kuomba ruzuku ya kipato nchini Uingereza, na leo twaingia katika fumbo linalowasumbua jamaa zetu wengi waliohamia London na miji mingine ya nchi ile, hususa wafanyao kazi ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani: ni vipi litahesabiwa pato la mtu ambaye juma hili aitwa zamu nne, na juma lijalo simu yake hailii hata mara moja.

Sheria ya zamani ilikuwa nzito kwa ujira mdogo. Ruzuku iliyoitwa Income Support, iliyoanza Aprili 1988, ilikuja ikamfungia mlango kila mwombaji afanyaye kazi saa 16 au zaidi kwa juma. Na yule aliyekuwa chini ya saa hizo, kama ni mseja, aliachiwa pauni 5 tu za ujira wake wa juma, na kila pauni iliyozidi hapo ikatolewa nzima katika ruzuku. Aliyeongeza siku moja ya kazi alirudi nyumbani na uchovu wake, wala mkoba wake haukuongezeka kitu. Lakini sheria ile ilikuwa na fadhila moja ambayo haifai kusahauliwa: saa za mtu asiye na ratiba ya kudumu zilipimwa kwa wastani wa majuma kadhaa, ili juma moja la neema lisimponze.

Universal Credit, iliyotungiwa sheria mwaka 2012 na kuanza kutolewa mwaka uliofuata, iliondoa ukuta wa saa 16 na kuweka mteremko mahali pake. Kwa kila pauni ya ujira iliyobaki baada ya kodi ya mapato na michango ya lazima, ruzuku hupungua peni 55. Zamani zilikuwa peni 63, zikapunguzwa mwishoni mwa 2021. Tena, mwenye mtoto wa kulea, au ambaye maradhi au ulemavu umemdhoofisha asiweze kazi kwa kadiri ya wengine, huachiwa kwanza fungu lisiloguswa, nalo katika mwaka ulioanza Aprili 2025 lilikuwa pauni 411 kwa mwezi kwa anayesaidiwa kodi ya nyumba, na pauni 684 kwa asiyesaidiwa.

Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa kuwa mwezi wa ruzuku haufuati kalenda ya ukutani. Aliyeomba tarehe 14 mwezi wake ni tangu tarehe 14 hadi tarehe 13 ya mwezi ujao, nao utabaki hivyo daima, na malipo yake humfikia siku saba baada ya mwezi huo kwisha. Pato huhesabiwa katika mwezi ambao fedha zimelipwa, kama mwajiri alivyoiarifu idara ya kodi, wala si katika mwezi ambao jasho lilitoka. Mvuvi wa kwetu ajua kuwa bamvua ina neema yake na maji mafu yana uhaba wake, na akiba ya siku zile huila siku hizi. Lakini kanuni hii humtazama mtu mwezi mmoja mmoja, kana kwamba ule uliotangulia haukuwapo.

Na tuseme, kwa viwango hivyo, mama mmoja mwenye mtoto, asaidiwaye kodi ya nyumba, amepata pauni 600 mwezi huu na pauni 600 mwezi ujao. Kila mwezi pauni 189 zitazidi fungu lake, na ruzuku itapungua pauni 103 na peni 95; kwa miezi miwili ni pauni 207 na peni 90. Jirani yake, mwenye hali kama yake katika kila jambo, amepata pauni 200 mwezi wa kwanza na pauni 1,000 mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza hakukatwa kitu, lakini pauni 211 za fungu lake ambazo hakuzitumia zimepotea, na mwezi wa pili amekatwa pauni 323 na peni 95. Wote wawili wamepata pauni 1,200, na huyu amepungukiwa pauni 116 na peni 5 kwa sababu tu ya mpangilio wa zamu ambao hakuupanga yeye. Sioni insafu katika jambo hili, na ningeomba watungao sheria walitazame tena.

Mahakama ya Rufaa ilikwisha kuigusa taksiri iliyo karibu na hii. Juni 2020 iliwapa haki mama wanne waleao watoto peke yao, ambao mishahara yao ya mwezi, kwa kuwa siku ya malipo iliangukia mwisho wa juma au sikukuu, ililipwa mapema ikaingia miwili katika mwezi mmoja wa hesabu. Na Novemba ya mwaka ule kanuni ikarekebishwa, ili mmoja wa mishahara hiyo uweze kuhamishiwa mwezi mwingine. Lakini marekebisho hayo ni ya walipwao kwa mwezi, na alipwaye kwa juma hayamfikii.

Kwa hiyo mpokeaji wa ruzuku mwenye ujira usiotulia atunze kila hati ya mshahara, ailinganishe na taarifa ya hesabu anayopewa kila mwezi, na akiona tofauti aombe uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja, kabla ya kwenda kwenye baraza la rufaa. Mwezi ambao ruzuku imekuwa sifuri kwa wingi wa pato asikate tamaa, maana akipungukiwa ndani ya miezi sita aweza kulifufua dai lake. Na ambaye kibali chake cha kuishi kimemzuia kupokea fedha za umma asiombe kabla ya kushauriana na mjuzi wa sheria za uhamiaji, kwani madhara yake ni makubwa.

Sehemu ijayo itawahusu wenye biashara zao wenyewe, madereva wa teksi na washonaji, ambao baada ya mwaka wa kwanza sheria yaweza kuwakisia pato ambalo mikono yao haikulipokea.