Kwa Nini Muuguzi Atakuomba Ruhusa Kabla ya Kukugusa

Mama anafika zahanati kupimwa presha. Muuguzi anapomshika mkono, anashtuka na kuuvuta. Wengi wangemwita mkaidi. Mhudumu aliyefunzwa kuhudumia watu wenye kiwewe hufikiria kwamba huenda kuna jambo lililompata: kipigo nyumbani, ubakaji, ajali, au vurugu kama za baada ya uchaguzi wa 2007.

Mafunzo haya hayamgeuzi muuguzi kuwa mshauri nasaha. Hufunzwa mambo ya kawaida, ambayo kwa kweli yanamfaa kila mgonjwa: kufunga mlango, kueleza atakalofanya, kuomba ruhusa, na kuacha mara mgonjwa anaposema basi. Hamlazimishi mtu kusimulia yaliyompata, wala hamhoji mbele ya foleni.

Kwa aliyebakwa, uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi sharti zianzwe ndani ya saa 72, na anayefokewa mapokezi huenda akarudi nyumbani saa hizo zikiyoyoma. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali za umma. Si lazima apitie kituo cha polisi kwanza. Anayehitaji msaada anaweza kupiga 1195, bila malipo.