Pembe ya Nyuzi 45: Kuupima Msumeno wa Umeme Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Kitendaguro anayejenga au kukarabati nyumba hukutana na msumeno wa umeme kwa njia mbili: ama anaununua mwenyewe katika maduka ya vifaa ya Bukoba mjini, ama anamlipa seremala anayeutumia. Katika hali zote mbili fedha ni zake, na kazi hujulikana pale vipande viwili vya mbao vinapokutana: kwenye kona ya fremu ya kioo, ya ubao unaozunguka mlango, au ya ubao wa chini ya ukuta. Kona ikiacha mwanya kwa sababu kipande kimekatwa vibaya, mara nyingi hulazimu kununua mbao nyingine.

Kwenye kitako cha msumeno unaogeuzwa kwa pembe kuna mstari wa namba. Wanunuzi wengi huamini kwamba mshale ukielekea 45, mkato utakuwa wa nyuzi 45. Si lazima iwe hivyo. Namba hizo zimechapwa tu juu ya chuma, na mashine iliyogongwa safarini au kufungwa vibaya yaweza kuonesha 45 huku ikikata 44. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini kila kona ina mikato miwili, hivyo kosa huwa maradufu. Katika mbao yenye upana wa sentimita 10, kosa la nyuzi 1 kwa kila kipande huacha mwanya wa karibu milimita 5 upande mmoja wa kiungo. Fremu ya pande nne ina mikato minane. Kosa la nusu tu ya nyuzi likijirudia katika yote, hufikia nyuzi 4 na kona ya mwisho haifungi. Hapo ndipo baadhi ya mafundi hujaza gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, na rangi huficha kazi hiyo kwa muda.

Tunamshauri mnunuzi aombe msumeno ujaribiwe dukani. Ubao ulionyooka ukatwe mara moja kwa nyuzi 45. Kipande kimoja kigeuzwe juu chini, kisha nyuso mbili zilizokatwa zikutanishwe ili vipande vifanye kona. Kona hiyo ipimwe kwa skwea; asiye na skwea atumie pembe ya karatasi mpya ya A4, ambayo ni nyuzi 90. Mwanga ukipenya, msumeno unahitaji kurekebishwa. Muuzaji auonesha namna ya kuurekebisha, au mnunuzi atafute mwingine. Kipimo hiki hufaa pia kwa kazi ya fundi, kabla hajazikata mbao zote.

Aidha, isomwe bamba la maelezo lililobandikwa kwenye mashine. Umeme wa majumbani nchini ni volti 230. Misumeno iliyotumika kutoka Japani au Marekani mara nyingi imetengenezwa kwa volti 100 hadi 120, na hata Uingereza mashine nyingi za maeneo ya ujenzi ni za volti 110. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, mota huungua. Kinga ya diski nayo ijaribiwe mashine ikiwa imechomolewa: ikiinuliwa na kuachiwa, irudi yenyewe. Isiporudi, tunasema wazi, usinunue, hata bei iwe nzuri kiasi gani. Risiti itunzwe, kwa maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na malalamiko yasiyo na risiti ni magumu kuyathibitisha.

Msumeno sahihi bado waweza kutoa kona mbaya iwapo ukuta wenyewe si mraba. Nyumba nyingi za Bukoba zilipasuka katika tetemeko la Septemba 10, 2016, na si kila ukuta uliojengwa upya au kuzibwa nyufa una kona ya nyuzi 90 kamili. Kona ipimwe kwanza, kisha igawanywe kwa mbili. Hapa wengi hukosea: namba za msumeno huanza kuhesabiwa kutoka mkato ulionyooka, yaani sifuri. Kona ya ndani yenye nyuzi 92 huhitaji vipande vyenye ncha ya nyuzi 46, na ili kuipata ncha hiyo msumeno huwekwa kwenye 44, si 46. Kwa 45 namba hizo mbili hulingana, ndiyo maana kosa halijulikani mpaka ukuta upinde.

Mwisho ni unyevu. Bukoba ina mvua nyingi, na mbao za paini huweza kuuzwa kabla hazijakauka. Mbao inapokauka hupungua upana, ila urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kiungo kilichofungwa vizuri siku ya kazi huanza kuachia upande wa ndani wa kona, wakati ncha za nje bado zimegusana. Mlaji akiona mwanya wa namna hiyo baada ya miezi michache, aanze kuuliza mahali mbao iliponunuliwa kabla ya kumrudia fundi.