Je, Wajua? Tanuri la kuni halipendi kibaridi

Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, Oktoba ikiingia na majani kuanza kupukutika, swali la kila nyumba yenye tanuri la kuni ni moja: tuwashe leo au tungoje?

Je, wajua kwamba kibaridi ndicho kinacholisumbua tanuri kuliko baridi kali? Dohani huvuta moshi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya nje. Nje pakiwa na nyuzi 12 au 15 za Selsiasi, tofauti hupungua, mvuto hulegea, na moshi huweza kurudi ndani. Mwenye nyumba naye, akiona joto limezidi, hubana hewa. Kuni zikafuka badala ya kuwaka. Moshi huo ukipoa ndani ya dohani huganda na kuwa kriosoti, uchafu mweusi unaong'aa kama lami. Ukishika moto, dohani nzima hunguruma.

Ndiyo maana wazoefu hungoja hadi usiku ukaribie nyuzi 0 ndipo wawashe moto wa kudumu. Kabla ya hapo huwasha moto mdogo, mkali, wa vijiti vikavu, kisha huuacha uzimike.

Kuni zenyewe ziwe na maji chini ya asilimia 20, yaani zilizopasuliwa tangu mwaka jana. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia ko! Vibichi hutoa mlio mzito, wa kuziba.

Wewe uliyehamia Lewiston au Portland, huko Maine, mwite msafisha dohani mapema, Agosti au Septemba, na ukague betri ya king'ora cha kaboni monoksaidi.