Meseji ya ruzuku haijafika? Anza kuitafuta leo, usisubiri mvua

Leo siongelei viwavijeshi wala bei ya maharage. Naongelea simu iliyoko mfukoni mwako, ile unayoisubiri ilie na hailii.

Msimu mmoja uliopita alinijia kijana wa kijiji kimoja hapa Kasulu, analima mahindi ekari tatu kwa ajili ya kuuza. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, wingu limeshaanza kukaa juu ya milima. Akanisalimia, akanionyesha simu. "Bwana shamba, wenzangu wote wamepata meseji ya namba ya mbolea. Mimi nasubiri wiki ya tatu hii. Hiyo mitandao yenu ni ya kutuchezea tu."

Nikamwambia maneno ambayo leo najuta: "Subiri kidogo mdogo wangu, itakuja."

Haikuja. Mvua ikaja. Akapanda ekari zote tatu bila mbolea ya kupandia. Wiki mbili baadaye nilipokaa na daftari la kijiji nikilinganisha na kile nilichoingiza kwenye mfumo, nikaona kosa. Kwenye daftari namba yake ina 7. Kwenye mfumo nilikuwa nimeandika 1. Niliingiza majina mengi usiku, muda ambao mtandao unakuwa mwepesi, na mwandiko ulikuwa wa haraka. Tarakimu moja tu. Meseji yake ilikuwa imeshatumwa siku nyingi, ila ilikwenda kwa mtu mwingine kabisa.

Niliwasha pikipiki nikaenda kumwambia mwenyewe. Nilimkuta shambani, mahindi yana majani ya zambarau kwenye kingo. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Sasa nikiweka DAP leo si itasaidia?"

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Urea unaweza kuchelewa nayo siku kadhaa, mahindi yakafika magotini ukaweka, yakakusamehe. DAP haikusamehi hivyo. Kazi yake kubwa ni kuipa mizizi michanga fosforasi, na fosforasi haitembei kwenye udongo kama nitrojeni. Lazima iwe karibu na mbegu siku ya kupanda: kizibo kimoja cha soda kwa shimo, funika na udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Ukiimwaga juu baada ya mahindi kuota, sehemu kubwa inabaki hapo hapo juu na mizizi haiifikii. Kwa hiyo meseji iliyochelewa wiki tatu si usumbufu wa simu tu. Ni gunia ambazo hutazivuna. Mwaka wa nyuma yake alivuna gunia 18 kwa ekari. Mwaka ule alipata 9.

Meseji ni hodi tu

Kwanza tuelewane. Mpango wa mbolea ya ruzuku ulipoanza msimu wa 2022/23, chini ya Wizara ya Kilimo na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea mkulima aliupata kwa shilingi 70,000, karibu nusu ya bei ya soko wakati ule. Ili kuupata lazima uwe umesajiliwa, na namba yako ya usajili inakuja kwa meseji. Ile namba ndiyo unakwenda nayo kwa wakala.

Sasa vijana wengi wanadhani meseji isipofika, basi na mbolea hawana. Sivyo. Usajili wako uko kwenye mfumo. Meseji ni hodi tu mlangoni. Usiposikia hodi haina maana kwamba mgeni hajafika. Toka nje ukaangalie.

Itafute kama unavyotafuta tatizo la solo

Ukiwa unapulizia dawa na solo ikagoma kutoa maji, hununui solo nyingine siku hiyo hiyo. Unaanza upande mmoja: tenki lina maji? Chujio limeziba? Mpira umepasuka? Nozeli ina uchafu? Unakagua kimoja, unajaribu, unaenda kingine. Ukifungua vyote kwa pamoja hutajua tatizo lilikuwa wapi, na msimu ujao litakurudia.

Meseji nayo inapita kwenye mpira mrefu: kutoka kwenye daftari, kwenda kwenye mfumo, kwenda kwenye mtandao wa simu, kwenye laini yako, halafu kwenye simu yako. Fuata hivi.

1. Anza kwenye chanzo. Nenda kwa afisa ugani au mtendaji wa kijiji na umwombe akusomee namba yako ya simu kama ilivyo kwenye mfumo, si kama ilivyo kwenye daftari. Isikilize tarakimu moja moja. Usikubali jibu la "ipo, ipo". Ningefanya hivi siku ile ya kwanza, dakika tano zingetosha. Hakikisha pia jina na ukubwa wa shamba viko sawa. Kosa likionekana, omba lirekebishwe ukiwa hapo hapo, na uulize namba yako ya usajili uiandike kwenye karatasi.

2. Kagua laini. Je, laini uliyosajilia ndiyo unayotumia leo? Vijana mnabadilisha laini kwa ajili ya bando. Laini isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba hiyo inaweza kupewa mtu mwingine. Hapo meseji zako anasoma mwenzako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kama laini unayotumia ni ya kaka yako au ya mke wako, ujue siku ikipotea wewe huwezi kuirudisha, mpaka mwenyewe aende.

3. Kagua simu yenyewe. Kwenye kiswaswadu, nafasi ya meseji ikijaa, mpya haziingii. Futa zile za matangazo na za muda wa maongezi za mwaka juzi. Kwenye simu janja tatizo ni jingine: programu ya meseji ina kikasha cha taka na zilizozuiwa. Meseji inayotoka kwa jina la taasisi badala ya namba ya kawaida wakati mwingine inatupwa humo, hasa kama uliwahi kuzuia matangazo. Fungua, tafuta, uitoe. Kwenye simu ya laini mbili, hakikisha laini zote mbili zimewashwa.

4. Kagua mtandao na chaji. Meseji ikikuta simu imezimwa, mtandao unaihifadhi na kujaribu tena, lakini haiihifadhi milele. Baada ya muda, mara nyingi siku chache tu, inafutwa. Sasa wewe uliyekwenda kulima bondeni siku tano, simu imezima chaji, usishangae. Na ninyi wa Mabamba na vijiji vingine vya mpakani huko Kibondo, mnajua simu inavyopenda kunasa mtandao wa Burundi. Ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao wa Tanzania wewe mwenyewe badala ya kuiacha simu ichague.

5. Jaribu. Mwambie rafiki aliye mtandao tofauti na wako akutumie meseji ya kawaida. Ikiingia, laini na simu yako haviwezi kuwa ndiyo tatizo kubwa, rudi hatua ya kwanza. Isipoingia, tatizo liko kwako. Zima simu, toa laini, iweke kwenye simu nyingine, jaribu tena. Ikiingia huko, ni simu. Isipoingia hata huko, ni laini, nenda kwa wakala wa mtandao wako ukiwa na kitambulisho. Kumbuka, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kwa mnaouza kwa oda: barua pepe nayo ina mambo yake

Kuna kikundi cha vijana Kibondo wanalima maharage ya mbegu moja ili wapate mnunuzi mkubwa. Mnunuzi aliwaandikia barua pepe akitaka sampuli na idadi ya kilo. Walikuja kuiona baada ya mwezi, mnunuzi ameshajaza gari kwingine. Nilipokaa nao tukakuta matatizo matatu kwa mpigo.

La kwanza, barua pepe walifunguliwa na kijana wa steshenari, na neno la siri analo yeye. Ndugu zangu, hiyo ni sawa na kumwachia muuza duka ufunguo wa ghala. Badilisheni neno la siri, liwe na watu wawili wa kikundi, na namba ya kurejeshea akaunti iwe ya kikundi.

La pili, barua ya mnunuzi ilikuwa kwenye kikasha cha barua taka. Ukiikuta humo, iweke alama kwamba si taka, halafu hifadhi anwani ya mtumaji kwenye majina yako, na ikiwezekana mjibu hata kwa mstari mmoja. Mfumo unajifunza kwamba huyu ni mtu wako.

La tatu, simu ilikuwa haiwapi taarifa. Programu ya barua pepe haiwezi kulia kama data imezimwa, kama usawazishaji umezimwa, au kama umewasha kitunza chaji kinachozuia programu kufanya kazi chinichini. Ingia kwenye mipangilio, washa usawazishaji, ruhusu arifa, na uiondoe programu ya barua pepe kwenye orodha ya zinazobanwa na kitunza chaji. Angalia na nafasi: akaunti ya Gmail ya bure ina gigabaiti 15, na hizo zinagawanwa na picha na mafaili yako mengine. Picha na video za harusi zikijaza nafasi hiyo, barua mpya zinarudi kwa mtumaji. Yeye anaona umekataa, wewe hujui lolote.

Jaribio ni lile lile: rafiki akutumie barua pepe kwenye anwani ile ile uliyompa mnunuzi, herufi kwa herufi. Angalia imeingia wapi na kama simu imelia.

Usisubiri hodi

Hata ukirekebisha yote haya, taarifa itakuja kukuangusha siku moja. Mkulima wa biashara hawezi kuacha msimu wake utegemee mlio wa simu. Mimi sasa nawashauri vijana wangu wawe na ratiba ukutani, na wakague wenyewe bila kuitwa.

Usajili wa ruzuku: hakiki taarifa zako Agosti au Septemba, wakati afisa ugani ana nafasi, si Novemba tukiwa tumezingirwa na foleni. Barua pepe: fungua kila Jumatatu na Alhamisi, pamoja na kikasha cha taka, iwe imelia au haijalia.

Utabiri wa mvua: hapa kuna mtego. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inaiweka Kibondo, pamoja na Kakonko, kwenye maeneo ya mvua mbili kwa mwaka, yenye taarifa ya Vuli. Kasulu iko kwenye maeneo ya mvua moja, yenye taarifa ya Msimu wa Novemba hadi Aprili. Wilaya tumepakana lakini taarifa zetu ni mbili tofauti. Kijana wa Kibondo akisubiri ile aliyotumiwa na shemeji yake wa Kasulu, anapanda kwa kalenda ya watu wengine. Sikiliza ya kwako, redioni au kwa afisa ugani wako.

Na la mwisho, tahadhari. Unapokuwa na hamu ya meseji, matapeli wanajua. Namba ya usajili wa ruzuku hailipiwi. Anayekupigia akisema "meseji yako imekwama, tuma elfu tano niifungue" ni mwizi. Meseji yake itume kwenda 15040, halafu endelea na kazi.

Yule kijana wa Kasulu bado ni mkulima wangu. Msimu uliofuata alikuja ofisini Agosti, akavuta kiti, akasema: "Bwana shamba, nisomee namba yangu." Nikamsomea. Akanifuata tarakimu moja moja kwa kidole kwenye karatasi yake mpaka mwisho, ndipo akaniamkia vizuri. Siku hizi kila ninayemsajili namsomea namba yake kabla hajaondoka, na yeye ananirudishia. Tunachelewa kidogo kwenye foleni, na wengine wananuna. Wanune tu. Mwenye haraka aje kesho, nitamsomea na yeye.

Nawe usiache hili kwa kesho. Leo jioni toa simu, fanya lile jaribio la rafiki, na wiki hii pita kwa afisa ugani wako. Mvua haitumi meseji.