Tiba kwa Vitendo na Kujitegemea Nyumbani

Tiba kwa vitendo ni tawi la huduma za utengamao linalomrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku pale maradhi, ajali au uzee unapoupunguza. Shughuli zenyewe ni zile ambazo mtu mzima hazihesabu kuwa kazi mpaka zimshinde: kuamka kitandani, kwenda chooni, kuoga, kuvaa, kula, kuchemsha chai, kwenda dukani na kurudi. Mtaalamu wa fani hii hushirikiana na daktari, muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia, lakini swali lake ni tofauti. Fiziotherapia hushughulikia zaidi misuli, viungo na mwendo. Tiba kwa vitendo huuliza kama mkono ulioanza kupata nguvu unaweza sasa kushika kata na kujimwagia maji, na kama bado hauwezi, kibadilishwe nini ili mtu aoge leo bila kuogeshwa.

Fani hii ilipata umbo rasmi nchini Marekani mwezi Machi 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, ambako watu wachache walianzisha chama chake cha kwanza cha kitaifa. Mwenyeji wao, George Edward Barton, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na baadaye akapooza upande wa kushoto. Alikuwa amejishughulisha na bustani na useremala kama sehemu ya kujitibu, na aliamini kwamba kazi yenye maana kwa mgonjwa ni dawa yenyewe. Majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza waliipanua haraka fani hiyo changa, na mwaka 1952 likaundwa shirikisho lake la dunia. Afrika Mashariki nayo ina wataalamu wake. Hufundishwa Kenya, na kwa Tanzania katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi.

Kati ya wagonjwa wazima wanaohitaji huduma hii, waliopata kiharusi ni kundi kubwa. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, wilaya ya Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Idadi hiyo ya jijini ni miongoni mwa zilizo juu kabisa kuwahi kuandikwa, na shinikizo la damu ndilo linalotajwa kwanza kila sababu zinapotafutwa. Wengi wanaonusurika hurudi nyumbani mapema, mkono na mguu wa upande mmoja ukiwa mzito, na huko ndiko kazi halisi inakoanzia.

Mtaalamu huanza kwa kuuliza na kutazama. Huuliza siku ya mgonjwa ilikwendaje kabla hajaugua, nani anaishi naye, na ni jambo gani linalomuuma zaidi kutoliweza. Jibu mara nyingi si lile ambalo familia ingelitaja. Watoto wanaweza kutaka mama yao atembee; yeye mwenyewe anataka kwanza aende chooni peke yake usiku, bila kumwamsha mkwe. Lengo hilo lina uzito wake wa heshima, na mtaalamu mzuri hulitanguliza.

Kisha hupima. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Florence Mahoney na Dorothea Barthel kilichochapishwa Marekani mwaka 1965. Kina vipengele 10 na jumla ya alama 100: kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti kuna alama 15, kutembea 15, kula, kuvaa na kutumia choo 10 kila kimoja, kuoga 5. Hata hivyo waanzilishi wake walitahadharisha tangu mwanzo kwamba aliyepata 100 anaweza kujihudumia mwili, lakini haina maana kwamba anaweza kuishi peke yake, kwa kuwa kupika na kutunza nyumba havimo. Ndiyo maana mwaka 1969 M. Powell Lawton na Elaine Brody walitoa kipimo kingine kinachogusa simu, manunuzi, mapishi, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Kwa msomaji wa leo wa Nairobi au Mwanza, kipengele cha fedha kinajumuisha kukumbuka namba ya siri ya simu na kutodanganywa kwenye muamala.

Kiini cha ujuzi wenyewe ni kuivunja shughuli vipande vipande. Kuvaa shati huonekana tendo moja, lakini ndani yake mna kukaa bila kuanguka, kuitambua kola na mikono ya shati, kuinua bega, kuvuta kitambaa mgongoni na kufunga vifungo. Mtaalamu hutafuta ni kipande kipi kilichokwama. Kama ni mkono uliopooza, mgonjwa hufundishwa kukaa imara, kulaza shati mapajani, na kuanza kuingiza mkono mgonjwa. Wakati wa kuvua, mkono mgonjwa hutoka mwisho. Kanuni hii ndogo humwokoa mtu kwenye mapambano ya nusu saa na nguo moja. Vifungo vinaweza kubadilishwa na mkanda wa kunata ulioshonwa chini yake ili shati lionekane kama lilivyokuwa, sketi ikatiwa mpira kiunoni, na sidiria ikafungwa mbele.

Kuna njia mbili, na mara nyingi hutumika pamoja. Ya kwanza ni kuurudisha uwezo uliopotea. Mwanasaikolojia Edward Taub alionyesha kwamba kiungo kilichodhoofika huachwa kutumika hata pale kinapokuwa na uwezo uliobaki, kwa sababu kila jaribio la mwanzo lilishindwa na mkono mzima ukachukua kazi zote. Tiba iliyotokana na kazi yake huufunika mkono mzima kwa glavu nene na kuulazimisha mkono dhaifu ufanye kazi. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 liliwahusisha watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Waliopewa tiba hiyo walifanya mazoezi hadi saa 6 kila siku ya kazi kwa wiki mbili, na wakanufaika zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Tiba hiyo inamfaa tu anayeweza bado kukunjua kidogo kifundo cha mkono na vidole. Lakini somo lake ni la wote: mkono usiotumika husahauliwa. Kushikilia sahani kwa mkono dhaifu wakati mzima unakula, au kuuweka juu ya kitambaa ili kukizuia wakati meza inapanguswa, tayari ni tiba.

Njia ya pili ni kubadili namna ya kufanya, kifaa, au mahali. Hapa nyumba yenyewe huchunguzwa, na nyumba za Afrika Mashariki zina maswali yake. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa kwa aliyepooza upande mmoja au aliyevunjika nyonga, hasa kikiwa uani na njia yake ikiwa na giza na utelezi. Kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu, kikiwa na mihimili ya kushikilia, fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa vipimo vya mgonjwa. Kimo chake kifanye nyonga zikae juu kidogo ya magoti, maana kiti kifupi humnasa mtu. Vivyo hivyo kitanda kifupi huinuliwa kwa vipande vya mbao au matofali yaliyochimbwa kidogo ili miguu yake isiteleze. Kizingiti kirefu huwekewa mteremko. Kwa kiti cha magurudumu, kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ihitaji sentimita 12 za urefu.

Bafuni, mtu huoga akiwa amekaa kwenye kiti chenye miguu isiyoteleza, ndoo ikiwa juu ya stuli badala ya sakafuni, ili asiinamie mbele. Sabuni huwekwa ndani ya soksi iliyofungwa shingoni au mkononi. Maji ya moto hujaribiwa kwa mkono mzima daima, kwa sababu upande uliopooza huweza kuungua bila kuhisi. Jikoni, jiko la mkaa lililoko sakafuni hupandishwa kwenye jukwaa la tofali la kimo cha kiuno cha mtu aliyekaa, na sufuria hupata kizuizi ili isizunguke ugali unaposongwa. Kitunguu huchomwa kwenye ubao wenye misumari miwili iliyotokeza, kisha mkono mmoja hukikata. Kitambaa chenye unyevu chini ya sahani huizuia isiteleze. Vifaa hivi havigharimu sana, na kwa watu wengi ndivyo vinavyotenganisha mpishi na mtu anayepikiwa.

Kuna jambo la desturi lisilopaswa kupuuzwa. Kwa wengi mkono wa kulia ndio wa kula na kusalimiana, na wa kushoto ni wa kujisafisha chooni. Anayepooza kulia hujikuta analazimika kuvitenda vyote kwa mkono mmoja, na aibu humfanya ajitenge na sinia la pamoja. Mtaalamu hulizungumza waziwazi na familia: mgonjwa apewe sahani yake na kijiko chenye mpini mnene, awekewe maji na sabuni karibu, na asilazimishwe. Ibada pia ni shughuli ya kila siku, na kwa Mwislamu, asiyeweza kusimama huruhusiwa kuswali akiwa amekaa. Kiti cha kimo kizuri kinaweza kuirudisha swala kwa mtu aliyedhani ameipoteza.

Ulemavu mwingine hauonekani. Baada ya kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, mgonjwa anaweza kuupuuza upande wake wa kushoto kabisa: anaacha nusu ya chakula, anagonga fremu ya mlango, haoni hatari inayotoka kushoto. Familia humwona kuwa mkaidi au mzembe. Mgonjwa huwekewa alama ya rangi kali upande wa kushoto, naye hufundishwa kugeuza kichwa mpaka aione. Mwingine ana nguvu za kutosha lakini amepoteza mpangilio wa tendo, hivyo anashika mswaki na kuutumia kama kitana. Huyu haongezewi mazoezi ya misuli. Hupewa hatua chache zinazofanana kila siku, mahali pale pale, kwa maneno machache. Uchovu nao ni dalili, si uvivu. Mtu huhifadhi nguvu kwa kukaa anapofanya kazi, kugawa kazi kubwa, na kupumzika kabla ya kuchoka. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu hufundishwa mpangilio huo huo.

Familia ndiyo inayobeba kazi kubwa kuliko mtaalamu, na makosa yake hutokana na upendo. Kosa moja ni kumvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza anapoinuka. Bega lisilo na misuli inayolishikilia huweza kuteguka na kuleta maumivu ya muda mrefu. Badala yake, kiti huwekwa upande mzima, miguu ya mgonjwa huvutwa nyuma chini ya magoti, naye huinama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame. Ngazini, mguu mzima hupanda kwanza, na mguu dhaifu hushuka kwanza. Kosa jingine, na hili ni la uchungu zaidi, ni kumfanyia kila kitu. Bibi anayevalishwa kila asubuhi kwa sababu ya haraka hunyimwa zoezi alilohitaji, na siku zinavyokwenda uwezo wake hupungua kweli. Msaidizi hufundishwa kusubiri, kuelekeza kwa neno kabla ya kugusa, na kusaidia hatua ile tu iliyoshindikana.

Sio kiharusi pekee. Aliyewekewa nyonga bandia hukatazwa kwa muda kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kwa hiyo mkeka, kigoda na kuchuchumaa huwekwa kando wakati anapona, na nguo za chini huvaliwa kwa kifaa kirefu cha kuvutia. Mwenye baridi yabisi hufundishwa kubeba ndoo kwa viganja vyote viwili au kwa mkono wa mbele, na kuongezea unene mipini ya visu, funguo na vijiko ili vidole visibane. Mwenye shida ya kumbukumbu huwekewa ratiba isiyobadilika na makabati yenye alama.

Katika mji wa Baltimore nchini Marekani, mpango unaoitwa CAPABLE wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ulijaribiwa na wazee 300 wa kipato cha chini. Kwa takribani miezi 5, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, muuguzi na fundi walifika nyumbani, na mzee mwenyewe akachagua malengo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ugumu wa shughuli za kila siku ulipungua kwa asilimia 30 zaidi kuliko kwa kundi la kulinganisha. Kilichofanya mpango huo uwe tofauti ni kumwingiza fundi katika timu ya afya, kwani kizingiti kibovu na ukosefu wa mhimili ni sababu ya ulemavu sawa na ulivyo udhaifu wa mguu.

Tiba haikomi kwa ziara moja. Wiki chache baadaye mtaalamu hurudi, hupima tena kwa kipimo kile kile, na huangalia kama kiti kimetumika au kimegeuzwa kuwa mahali pa kuwekea ndoo. Kinachokataliwa hubadilishwa, si kulaumiwa, na lengo lililofikiwa hufuatwa na jingine gumu zaidi: kutoka chumbani hadi uani, kutoka uani hadi dukani. Kwa magonjwa yanayozidi, kama yale ya mishipa ya fahamu, mtaalamu hurudi kila uwezo unaposhuka ili kutafuta namna nyingine ya kufanya. Huduma husitishwa mgonjwa na wasaidizi wake wanapoweza kutatua vikwazo vipya wenyewe, na wanapojua dalili zinazowapasa kurudi hospitalini: kuanguka mara kwa mara, maumivu ya bega yanayoongezeka, kukojoa kusikodhibitika, au mkono uliokuwa ukifanya kazi kurudia kukunjamana.