Dawa ya Ngozi Itokanayo na Samaki: Ipi Hukumu Yake?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake.

Kuna dawa ya ngozi iitwayo PDRN. Hiyo ni vipande vya vinasaba, yaani DNA, vinavyotolewa katika manii ya samaki aina ya samoni na trauti, kisha vikasafishwa. Italia imetumika kutibu vidonda visivyopona, na Korea Kusini imeenea kama sindano ya kurekebisha ngozi ya uso. Ndani ya ngozi huziamsha seli zinazojenga nyama mpya na mishipa midogo ya damu.

Linalotushughulisha ni hili: je, aliyejipaka kitu kilichotoka katika manii ya mnyama, swala yake inasihi?

Tuanze na asili yake. Surat al-Maida, aya ya 96, imehalalisha mawindo ya baharini. Samaki ni halali kwa madhehebu yote manne, wakiwemo Mahanafi wasiokula viumbe vingine vya majini, na maiti yake ni tohara. Ama manii ya wanyama, Imam Rafii aliona ni najisi. Imam Nawawi katika Minhaj akasahihisha kuwa ni tohara, isipokuwa ya mbwa na nguruwe na kizazi chao. Kwa kauli hii, swala inasihi.

Hata hivyo, tunatahadharisha mambo matatu. Kwanza, tohara ya samaki haitoharishi vilivyochanganywa naye. Krimu moja yaweza kuwa pia na kolajeni ya nguruwe, basi tuulize asili ya kila kiungo. Pili, krimu ikiacha tabaka linalozuia maji kufika kwenye ngozi, iondolewe kabla ya udhu. Tatu, vipande hivi ni vikubwa na havipenyi kirahisi ngozi nzima. Muuzaji anayeahidi kuwa krimu itafanya kazi ya sindano asije akaingia katika ghushi.

Ama aliyefunga, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua Jeddah mwaka 1997 kwamba krimu, na sindano isiyo ya lishe, havifunguzi.

Mwisho tuangalie nia. Kutibu kidonda au kovu la moto ni tiba, na tiba imeruhusiwa. Ama kutumia mali nyingi kwa kuukimbia uzee, tuchelee israfu.

Wallahu a'lam.